Sampu ya oili: Kipuri kinachoamua faida ya magari ya zamani Ufipa

WENYE Land Rover na Land Cruiser za zamani wanaosafirisha mazao na abiria kati ya nyanda za juu za Ufipa na mabonde ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika wana kipuri kimoja wanachopaswa kukichagua kwa makini kuliko ilivyo desturi. Kipuri hicho ni sampu ya oili.

Kwa kawaida sampu hukumbukwa siku inapotoboka. Mwenye gari hukimbilia duka la spea, hutaja jina la injini, hupewa kinachofanana, na fundi hukifunga kabla jua halijazama. Gari linawaka, linazunguka mjini bila tatizo, na fedha inaonekana imeokolewa. Tatizo hujitokeza baadaye, gari likiwa na magunia mgongoni katikati ya mlima, taa nyekundu ya oili inapoanza kumetameta. Hapo hasara si ya sampu tena. Ni hasara ya injini nzima, ya mzigo uliolala njiani, na ya mteja aliyekwisha kutafuta msafirishaji mwingine.

Sampu ni bakuli la bati au la alumini linalofungwa chini ya injini kwa boliti ndogo nyingi. Ndilo ghala la oili. Pampu hunyonya oili kupitia mrija wenye chujio la waya ulioshuka ndani ya bakuli hilo, huisukuma kwenye beringi za krenkishafti na konrodi, kisha oili hutiririka yenyewe na kurudi ghalani. Mrija huo ukinyonya hewa badala ya oili, hata kwa sekunde chache, wakati injini ina kazi nzito, beringi huanza kusagika. Mafundi husema injini imenoki, na tiba yake ni kuifungua yote.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipimi ni kwamba sampu haichaguliwi kwa jina la injini peke yake. Huchaguliwa pia kwa gari ambalo injini hiyo inakwenda kukaa, na kwa mlima ambao gari hilo litapanda.

Magari yaliyobadilishwa moyo

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam mwaka 1948. Aina ya Series III, ambayo wengi huijua kwa umbo refu la 109, ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Nyingi za hizo zilikuwa na injini ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Ile ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu. Kwenye tambarare zinatosha. Kwa gari lililojaa mzigo linalopanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kutoka bondeni Rukwa, hizo ni nguvu za gia ya kwanza na ya pili, na safari ya kuchosha dereva na abiria.

Ndiyo sababu Land Rover nyingi za zamani nchini hazina tena injini zilizotoka nazo kiwandani. Wenyewe wameweka dizeli za Kijapani za Toyota, Nissan au Isuzu, zilizotolewa katika magari mengine na kuingizwa nchini kama mtumba kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kwa msafirishaji mdogo hesabu hiyo ina mantiki. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na haili kutu kama bati, chasi inaweza kuchomelewa, na injini ya Kijapani ina spea nyingi zaidi sokoni.

Land Cruiser nazo zina mkanganyiko wake. Ile ya zamani ya HJ47 ilikuwa na injini ya 2H, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa karibu lita 4.0. Kuanzia mwaka 1990 ilikuja 1HZ ya lita 4.2, nayo ya silinda sita, ambayo ndiyo imo ndani ya nyingi za zile Watanzania wanazoziita mkonga. Ni injini mbili tofauti kabisa, na sampu ya moja si sampu ya nyingine. Muuzaji anayejibu kwamba alichoshika ni "cha Land Cruiser" bado hajajibu swali.

Injini moja, sampu zaidi ya moja

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatokana na utaratibu wa viwanda vyenyewe. Kiwanda kikishabuni injini nzuri, hakiiweki katika gari moja tu. Injini ile ile huwekwa kwenye pikapu, kwenye basi dogo, kwenye lori dogo na kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Bloku ni moja, pistoni ni zile zile, na mara nyingi hata matundu ya boliti za sampu yamepangwa sawasawa. Kinachobadilika ni tumbo la sampu, yaani sehemu yenye kina ambako oili nyingi hukaa na ambako mrija wa kunyonyea hushuka.

Katika basi dogo, injini hukaa chini ya viti na hakuna ekseli inayovuta mbele. Tumbo linaweza kuwekwa popote. Katika gari linalovuta mbele kwa ekseli nzima, ekseli hiyo na difu lake hupita chini ya injini, na tumbo hulazimika kusogezwa ili kuipisha. Mnunuzi akitoa injini kwenye basi dogo na kuiweka ndani ya Land Rover pamoja na sampu iliyokuja nayo, amenunua injini sahihi na ghala lisilo sahihi.

Si tatizo la Ufipa peke yake. Nchini Marekani wapenzi wa magari yenye nguvu ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kama Pontiac GTO, Ford Mustang na Chevrolet Camaro, hukutana nalo kila wanapohamisha injini ya V8 kutoka gari moja kwenda jingine. Mfano mzuri ni V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955. Kwa miaka mingi injini hizo zilifanana kwa macho, lakini mwaka 1980 kiwanda kilihamisha dipstiki kutoka ubavu mmoja wa injini kwenda wa pili, na mwaka 1986 kikabadilisha sili ya nyuma ya krenkishafti kutoka vipande viwili kuwa kimoja. Sampu ya mwaka 1979 na ya mwaka 1987 zinaweza kuwekwa rafu moja dukani zikaonekana pacha, lakini moja haizibi injini ya mwenzake. Huko muuzaji makini hauzi sampu kabla hajauliza mwaka wa injini, ubavu wa dipstiki, aina ya sili na gari linalofungwa. Maswali hayo yanafaa kuulizwa Sumbawanga pia.

Mlima uingizwe kwenye hesabu

Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi yote yako karibu mita 800 au chini kidogo. Gari linalotoka Muze kwenda Ntendo, au kutoka mwambao wa Tanganyika kurudi juu, hupanda takriban mita 900. Tena hupanda likiwa limejaa. Mpunga, ufuta na samaki ndivyo vinavyokwenda juu kutafuta soko. Bidhaa za dukani zinazoshuka mara nyingi ni nyepesi zaidi.

Oili ndani ya sampu hufuata mteremko kama maji ndani ya sufuria iliyoinamishwa. Chukua sampu yenye urefu wa sentimita 50. Katika kipande cha barabara kinachopanda mita 1 kwa kila mita 5, uso wa oili hutofautiana sentimita 10 kati ya ncha ya mbele na ya nyuma. Sentimita 10 ni nyingi, kwani sampu yenyewe mara nyingi haina kina kinachozidi sana hicho kwenye sehemu yake fupi.

Kama tumbo na mrija viko nyuma, mlima unapeleka oili pale pale pampu inapoitaka. Kama viko mbele, oili hukimbilia sehemu fupi ya nyuma na kuuacha mrija ukielekea kukauka, hasa kama oili ilikuwa imepungua tayari au sampu haina vizuizi vya bati ndani yake. Katika kushuka mambo hugeuka, lakini hapo mara nyingi injini haivuti mzigo, na beringi hazibebi uzito ule ule. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa ya nguvu na injini ikilia naye anapaswa kuangalia taa ya oili, lakini hatari kubwa iko kwenye kupanda.

Kwa njia za Ufipa, basi, sampu yenye tumbo la nyuma na vizuizi ndani ndiyo chaguo la kwanza pale ambapo kiwanda kilitengeneza aina zaidi ya moja. Bahati njema ni kwamba mara nyingi tumbo la nyuma ndilo pia linaloipisha ekseli ya mbele. Gari linalozunguka mjini tu, au linalokwenda Tunduma kwenye barabara ya lami iliyojengwa kwa fedha za mpango wa MCC wa Marekani uliosainiwa mwaka 2008, halihitaji kubanwa kiasi hicho. Linalokwenda bondeni linahitaji.

Nafasi kati ya sampu na difu

Kosa la pili linalogharimu ni kupima nafasi gari likiwa limesimama tupu. Likiwa tupu, springi zimeinua bodi, na sampu inaonekana iko mbali na difu. Gari likijazwa gunia kwa gunia na kuingia shimoni, ekseli hupanda mpaka kwenye raba zinazoizuia isigonge chasi. Hapo difu linaweza kulipiga tumbo la sampu kutoka chini.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji mashine. Fundi apime umbali uliobaki kati ya ekseli na zile raba kila upande. Kisha apime umbali kati ya difu na sehemu ya sampu iliyo juu yake. Umbali wa pili lazima uzidi wa kwanza, na ziada ibaki ya kutosha kwa sababu injini nayo hucheza juu ya raba zake. Kama hauzidi, sampu hiyo si ya gari hilo, hata iwe mpya kutoka kiwandani. Kuinua injini kwa kuongeza vipande vya chuma chini ya maunti kunaweza kuokoa nafasi ya sampu lakini kukapindisha mstari wa propela na kuzaa gharama nyingine.

Fimbo za usukani nazo zipimwe. Zinapita mbele ya ekseli au nyuma yake kutegemea aina ya gari, na usukani ukikatwa mpaka mwisho, fimbo hazitakiwi kugusa sampu.

Mrija na kina lazima viendane

Sampu haibadilishwi peke yake. Mrija wa kunyonyea na chujio lake lazima vilingane na kina cha sampu mpya. Mrija mfupi ndani ya sampu ndefu huacha oili nyingi chini isiyofikiwa na kunyonya hewa mlimani. Mrija mrefu ndani ya sampu fupi hugusa sakafu na kujiziba. Kipimo kinachokubaliwa na mafundi wengi wa injini ni nafasi ya kati ya robo inchi na nusu inchi kutoka chujio hadi sakafu ya sampu. Fundi asiye na kipimo anaweza kuweka donge la unga wa ngano uliokandwa juu ya chujio, akaibana sampu kwa muda, akaifungua na kupima unene wa donge lililobaki. Baada ya hapo sampu na chujio visafishwe vizuri kabla ya kufungwa.

Dipstiki nayo husahaulika. Alama zake zilipigwa kwa ajili ya sampu ya zamani. Ikifungwa sampu nyingine, alama hizo zinaweza kudanganya kwa lita nzima. Baada ya kubadilisha, imwagwe oili kwa kipimo kinachotakiwa na sampu hiyo, gari likiwa kwenye usawa, injini iwashwe na kuzimwa, oili iachwe itulie, kisha alama mpya ipigwe kwa tupa. Kazi hiyo ni ya nusu saa na haina gharama.

Sampu kubwa zaidi si lazima iwe bora zaidi. Oili nyingi hukaa na ubaridi zaidi na huchelewa kuisha, lakini kila lita inayoongezwa hulipiwa kila inapomwagwa oili, na tumbo refu huikaribia ardhi. Kwenye njia yenye mawe, sentimita mbili za nafasi ya chini zinaweza kuwa na thamani kuliko lita moja ya oili.

Bati au alumini

Sampu ya bati huchukua kipigo kwa kubonyea. Hunyooshwa kwa nyundo, huchomelewa kwa gesi, na fundi wa kawaida huiweza. Udhaifu wake ni kwamba kubonyea kwenyewe humdanganya mwenye gari. Sampu haivuji, kwa hiyo inaachwa, kumbe sakafu yake imepanda na kuusogelea mrija. Gari lililogonga jiwe na kuonyesha presha ndogo ya oili lisisubiri kuvuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sampu ya alumini hutoa joto haraka na katika baadhi ya injini husaidia kushika bloku na giaboksi pamoja. Lakini jiwe hulipasua bakuli lake, na kuchomelea alumini iliyokwisha kunywa oili si kazi ya kila gereji. Anayelazimika kuitumia kwenye njia za bondeni aweke na ngao ya chuma chini yake, yenye matundu ya kupitisha hewa na nafasi ya kufikia boliti ya kumwagia oili.

Vyanzo vinne vya soko

Mnunuzi wa Sumbawanga ana njia nne. Ya kwanza ni sampu mpya ya kiwanda kilichotengeneza gari. Uhakika wake ni mkubwa, na bei yake ndiyo ya juu kuliko zote. Ya pili ni mpya ya kuiga. Hapa ubora hutofautiana sana. Mnunuzi aweke sampu kwenye kioo au meza iliyonyooka na kuangalia kama ukingo unakaa wote, apime unene wa bati, na achungulie ndani kuona kama vizuizi vimo au vimeachwa ili kupunguza gharama.

Ya tatu ni mtumba. Kwa injini nyingi hii ndiyo njia ya maana, kwa kuwa sampu iliyotolewa kwenye gari linalofanana na la mnunuzi ni sawa na ya kiwandani. Hatari yake ni kununua kilichotoka kwenye gari la umbo jingine. Muuzaji aulizwe sampu ilitoka kwenye gari gani, na mrija wake wa kunyonyea ununuliwe pamoja nayo.

Ya nne ni kukata na kuchomelea sampu iliyopo ili tumbo lihamie nyuma. Mafundi wazuri huifanya, na pengine ndiyo njia pekee kwa mchanganyiko wa injini na gari usiokuwa na sampu ya kiwandani. Lakini kazi hiyo isihesabiwe imekwisha mpaka sampu imejazwa mafuta ya taa na kuachwa usiku kucha bila kutoa jasho, ukingo umenyooshwa upya kwa sababu moto huupinda, na mrija umerefushwa na kufungwa kwa kishikizo usitikisike.

Yote manne hukutana na umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga kupitia Mbeya na Tunduma ni zaidi ya kilomita 1,100. Sampu isiyo sahihi ikirudishwa Kariakoo, gharama ya kwenda na kurudi pamoja na siku za gari kulala zinaweza kuipita bei yake. Njia ya kuepuka ni kutuma kielelezo kabla ya fedha. Gasketi ya zamani au karatasi ngumu iliyochorwa ukingo wa sampu, ikionyesha matundu yote, urefu, sehemu ya tumbo, kina chake, na upande wa dipstiki na wa boliti ya kumwagia oili, hutosha. Kwa injini yenye turbo, ionyeshwe pia kama kuna tundu la mrija unaorudisha oili ndani ya sampu.

Hesabu ya msafirishaji

Tarakimu zifuatazo ni mfano wa kukokotoa tu, si bei za soko. Chukulia sampu sahihi inagharimu Sh. 250,000/- na ile isiyo ya gari hilo, ambayo fundi ataikazania mpaka ikubali, inagharimu Sh. 120,000/-. Tofauti ni Sh. 130,000/-. Chukulia pia kwamba kufungua injini iliyonoki kunagharimu Sh. 2,500,000/-, na kwamba safari moja ya bondeni humwachia mwenye gari Sh. 60,000/- baada ya mafuta na posho.

Aliyenunua ya bei nafuu ameokoa faida ya safari mbili na kidogo. Injini ikifa, amepoteza faida ya safari 42 hivi, bila kuhesabu siku za kukaa gereji. Kwa maneno mengine, kama sampu hiyo inaongeza hatari ya kuua injini kwa zaidi ya gari moja katika kila ishirini, unafuu wake umekwisha. Kila mwenye gari aweke bei zake halisi katika hesabu hiyo. Jibu hubadilika kidogo, lakini mara chache sana hugeuka.

Izingatiwe kwamba hesabu hii haisemi kipya kishinde mtumba. Inasema kilicho sahihi kishinde kisicho sahihi. Sampu ya mtumba ya gari lile lile inaweza kuwa ya bei nafuu kuliko zote na sahihi kuliko zote.

Kwa wenye maduka

Kwa mfanyabiashara wa spea, sampu ni bidhaa inayotoka polepole na kuchukua nafasi kubwa. Mtaji mdogo ukijazwa sampu za kila aina utalala rafuni. Bidhaa zinazozunguka haraka ni zile zinazoizunguka sampu, yaani gasketi, silikoni, boliti za kumwagia oili na waya zake za kuzibia, machujio ya mrija na filta za oili. Duka lenye hizo humvuta mteja, na sampu yenyewe inaweza kuagizwa kwa malipo ya awali baada ya kielelezo kuchorwa.

Anayetaka kuweka sampu chache aanze kwa kuhesabu magari. Siku mbili kwenye stendi na sokoni, akiandika injini zilizomo ndani ya magari yanayokwenda Muze, Mtowisa, Kirando na Kasanga, zitampa orodha bora kuliko ushauri wa muuzaji wa jumla. Mchagua jembe si mkulima, wasemavyo wahenga, lakini mchagua sampu kwa kuuliza maswali ndiye atakayerudiwa na wateja.

Muuzaji amweleze mteja pia kuhusu ufungaji. Silikoni ikipakwa kwa wingi hufinywa kuingia ndani, hukatika vipande, na kwenda kuziba chujio la mrija. Boliti zikikazwa kwa nguvu kupita kiasi hupinda ukingo na kuanzisha uvujaji ule ule uliokusudiwa kuzuiwa. Zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana fupi. Sampu nzuri iliyofungwa vibaya hurudi dukani na lawama.

Sampu ya asili isitupwe

Kwa mwekezaji anayelitazama gari la zamani kama akiba, kuna jambo moja zaidi. Huko Ulaya na Marekani thamani ya magari ya kale hupanda pale ambapo injini na vipuri vilivyotoka nalo kiwandani vingalipo. Land Rover wenyewe walianzisha mwaka 2016 mpango wa kufufua zile za Series I kwa vipuri vya asili, mwaka ule ule ambao Defender ya umbo la zamani ilikoma kutengenezwa Solihull mwezi Januari. Mwenye 109 aliyeweka injini ya Kijapani kwa ajili ya kazi hana sababu ya kuuza injini ya lita 2.25 na sampu yake kama chuma chakavu. Zipakwe oili, zifungwe na kuwekwa mahali pakavu, pamoja na kadi ya gari. Mabadiliko ya injini nayo yaandikishwe ili namba iliyomo ndani ya gari na iliyo kwenye kadi zisitofautiane siku ya kuuza.

Wakati mzuri wa kununua

Mvua za Rukwa huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili, na huacha barabara za mabondeni zikiwa na mawe yaliyofunuliwa na makorongo mapya. Mahindi na mpunga huanza kutoka kwa wingi kati ya Mei na Julai, wakati ambao wanunuzi binafsi na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wenye kanda yake Sumbawanga, huhitaji magari kwa pamoja. Katika miezi hiyo gereji hujaa, spea hupanda bei, na mwenye gari bovu hana nguvu ya kubishana.

Machi na Aprili ndiyo miezi ya kulaza gari chini na kuchungulia. Sampu iliyobonyea ifunguliwe, nafasi ya difu ipimwe gari likiwa na mzigo, mrija uangaliwe na kielelezo kitumwe Dar es Salaam mapema. Atakayefanya hivyo ataingia Mei akiwa na gari la kupanda Lyamba lya Mfipa, na bei ya kusafirisha gunia ataipanga yeye.